Mtaro wa Shehia Mbili

Nyumba yetu ilikuwa bondeni, na soko lilikuwa juu kilimani, katika shehia nyengine. Masika yakianza, maji yaliteremka na kila kilichotupwa jaani: matumbo ya samaki, damu ya machinjioni, uchafu wa vyoo vilivyofurika. Yote yakaishia kisimani kwetu.

Sheha wetu, mkuu wa shehia, alipanda mara kwa mara kulalamika. Sheha wa juu akimjibu, "Mvua ya Mungu hiyo, mwenzangu. Mie nitaizuiaje?" Akataka mtaro wa kupeleka maji baharini upite mashambani kwetu. Wetu akakataa: "Uchafu wenu, ardhi mwataka yetu?" Wakaachana hivyo, na sisi tukaendelea kuteka.

Mwaka ule dada yangu alirudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza. Asubuhi moja alianza kuharisha na kutapika. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya mikono imesinyaa kama ya bibi kizee. Tulimbeba kwa kitanda mpaka barabarani, tukangoja gari kutoka kijiji cha Ole. Hospitali walimtundikia dripu. Alifariki kabla ya magharibi, na mtoto tumboni.

Kilikuwa kipindupindu. Watu wa afya, wamevaa glavu na mabuti ya mpira, hawakumruhusu mama kumkosha mwanawe kwa maziko. Alisimama mlangoni akiwaelekeza.

"Anzeni mkono wa kulia, wanangu. Taratibu."

Masheha wote wawili walikuja kutupa mkono wa pole. Wakakaa mkekani barazani pamoja na wanaume wengine. Mama akatoka ndani, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, ameshika bilauri mbili.

"Karibuni maji, Masheha. Ya kisimani petu."

Wakazipokea. Hakuna aliyekunywa. Sheha wa juu aliitazama bilauri yake muda mrefu, kisha akaiweka chini. Wetu aliinamisha uso. Mama akarudi ndani kwa wanawake.

Haikupita wiki wakakutana skuli, pamoja na watu wa halmashauri za pande zote mbili. Juu wakakubali kulihamisha jaa na kulijengea ukuta. Chini tukakubali kutoa njia ya mtaro, na shimo kubwa la kutuamisha maji kabla hayajafika mikokoni. Watu wa shehia zote mbili walichimba pamoja. Mtaro ulipita shambani kwetu, kwenye mikarafuu aliyoipanda marehemu baba. Walipokuja kuomba ruhusa, mama alisema tu, "Kateni."

Masika yaliyofuata hakuna aliyeugua bondeni. Jirani mmoja, kwa nia njema, akamwambia mama kwamba kifo cha dada kimeokoa watu wengi.

Mama alikuwa akimenya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Bi mkubwa, usinambie hivyo. Majembe walikuwa nayo tangu zamani."

Mie nikachukua kisu chengine, nikakaa kumsaidia.