Kabla Hujaandika "Wamepokea"

Naikumbuka siku moja ya ujana wangu, mwanangu, na wewe ndiye uliyeiamsha juzi. Ulinikalisha kando yako, ukafanya mkutano kwa kompyuta na ofisi za Kilwa yetu ya kando ya ziwa, Mitwaba na Lukafu. Mnataka hati za kuzaliwa ziombwe kwa mtandao, mtu asipande tena lori kufuata muhuri. Jambo zuri, sisi tuliliota zamani. Lakini ulipouliza kama wote wamekubali tarehe ya kuanza, sura ya yule wa Kilwa ilikuwa imeganda kwenye kioo, mdomo wazi, na wewe ukaandika: wote wamekubali. Sikutaka kukukosoa mbele ya wenzako.

Nilipokuwa na umri wako nilifanya kazi katika chumba cha fonii, ile redio ya serikali iliyotuunganisha na maeneo ya mbali kabla ya simu. Mkuu wangu, Papa Ilunga, alikuwa na sheria moja: usiandike "wamepokea" kwenye daftari mpaka mtu wa upande wa pili arudie ujumbe wote kwa mdomo wake. Mimi niliona ni kupoteza wakati. Nilijiona mwepesi wa kazi, na kusema kweli nilikuwa na majivuno.

Basi akaja msichana wa Mitwaba, jina lake Kapya. Alikuwa amekubaliwa kusomea uuguzi hapa Lubumbashi, ila chuo kilitaka hati yake ya kuzaliwa kabla ya Jumatatu, na hati ilikuwa kwao. Nikawaita Mitwaba: mpeni hati hiyo dereva wa lori linaloondoka huko Jumanne. Redio ikakwaruza, nikasikia kitu kama "oui, oui", yaani ndiyo, kisha makelele matupu. Nikaandika "wamepokea", nikaenda kula.

Kapya alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi la korido, mfuko wake magotini. Jumamosi lori lilifika bila hati, na lingine lilikuwa la wiki mbili mbele. Papa Ilunga akafungua daftari, akaona mwandiko wangu. Akaniuliza, akiniita mdogo:

"Petit, ulisikia muntu ao ulisikia makelele?"

Nikakiri kwamba yalikuwa makelele.

"Basi, wee mwenyewe njo utaenda kumwambia ule mutoto."

Nilitoka, nikamweleza Kapya kwamba hati haikufika na chuo hakitamngoja. Hakulia. Akaniuliza kama mtu anavyomwuliza kaka yake mkubwa:

"Yaya, bale ba Mitwaba balikuambia ndiyo?"

"Nilizani balisikia."

"Ulizani," akasema. Akachukua mfuko wake, akaondoka. Mwaka uliofuata nilitafuta jina lake kwenye orodha ya chuo, halikuwamo. Niliona haya, na mpaka leo naona haya.

Mwanangu, chombo chako ni bora kuliko changu, kinaonyesha hata sura. Lakini mtu aliyenyamaza upande wa pili ni yuleyule. Kesho mpigie yule wa Kilwa. Mwache arudie kwa maneno yake: mnaanza lini, nani atapokea maombi, na mtandao ukikatika watu waende wapi. Asiposema, usiandike. Na yule mama wa kando ya ziwa atakayetuma ombi lake, asiachiwe alama ya kijani tu kwenye simu. Apate mtu wa kumwambia, tumeliona, njoo siku fulani. Utachelewa kidogo, na wenzako watakucheka kwamba baba yako wa fonii amekuharibu. Wacha wacheke.

Mungu aibariki kazi yako, ifike hata huko ambako barabara haifiki. Akupe subira ya kungoja sauti ya mtu wa mbali. Na akuepushe na siku ya kusimama mbele ya mtu aliyekutegemea, huna jibu la kumpa ila "nilizani".