Lori linalounguza fyuzi likitoka Njombe

Saa tatu asubuhi, ukungu wa Makambako bado haujapanda. Odilo amejikunja nyuma ya kiti cha lori la viazi, lakini haangalii waya. Anaangalia ng'ambo ya barabara, kwa Hezekia.

"Wateja wamejaa tena! Wanakitazama kisanduku kama mtoto mchanga."

Kisanduku ni mita ya kupimia umeme, ambayo Hezekia alirudi nayo kutoka vita vya Hitila. Tangu Hezekia afungue karakana mwaka juzi, Odilo, aliyefanya ufundi kwa miaka kumi na mmoja, amebaki na magari manne kwa wiki. Zamani yalikuwa manane.

"Baba Teodora," anasema mkewe, Getruda, "ungeliangalia lori unavyomwangalia Hezekia, tungekwisha kula."

Lori ni la Romanus, mwenye malori matatu, aliyesimama kando akisubiri. Linaunguza fyuzi ya taa kila safari. Hezekia amelipima mara mbili, akasema ni zima. Romanus ameahidi: atakayeiona shoti, pale waya unapogusa chuma, atayahudumia yote matatu.

Odilo hana mita. Anachomoa fyuzi, anaweka balbu mahali pake. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Leo inafifia tu. Anamgeukia dereva, Filbert.

"Inaungulia wapi?"

"Nikitoka Njombe. Nikienda, haiungui."

"Kurudi unabeba nini?"

"Viazi, mzee."

"Na nini tena?"

Filbert anamtupia jicho Romanus, tajiri wake. Odilo ananusa nyuma ya kiti. "Viazi gani vinanuka ulanzi?"

Ndipo dereva anapokiri: amefunga ndoano pale, hutundika mbeta, kipande cha mwanzi kilichojaa pombe hiyo. Odilo anajaza mbeta maji, anaitundika. Ndoano inalemewa, inagusa waya uliochubuka. Balbu inawaka hadi Getruda anapiga kigelegele.

"Mita imepima lori tupu!" Odilo anapaza sauti, isikike ng'ambo.

"Filbert, sisi tutaongea," anasema Romanus. Kisha kwa Odilo: "Mengine mawili nayaleta kesho."

Hezekia anavuka barabara kumpa mkono. "Umenishinda, kaka." Odilo anaupokea nusu nusu, macho yakiwa kwenye kisanduku kinachoning'inia begani mwa mwenzake.

Baada ya mavuno atapanda basi hadi Iringa kununua mita. "Kubwa kuliko yake," anasema.

"Nani atakufundisha kuisoma?" anauliza Getruda.

Odilo anafuta mikono polepole. "Nitajifunza. Hata miaka miwili. Ila si kwake."