Kitabu Kisicho na Mstari wa Nyuma

Mwanangu, kuna jambo nimelikana kwa miaka mingi, tena kwa ufasaha, maana chuo kikuu kilinifundisha kukana kwa aya ndefu: yule mpiga pasi katika riwaya ya Mwalimu Hilda ni babu yangu mzaa mama.

Riwaya hiyo inasimulia kikundi cha mganda, ngoma inayochezwa kwa mistari kama gwaride, cha enzi za mkoloni, kilichozunguka vijiji vya ziwani, Mbaha hadi Chiwanda, kikishindana na wenzake kwa ngoma na kwa weupe wa kaptula. Babu hakucheza. Alibeba pasi ya mkaa. Kule Chiwanda akaunguza kola ya kiongozi wa ngoma, kiongozi akaingia uwanjani na taulo shingoni ili kuficha tundu. Watu wakadhani ni mtindo mpya. Msimu uliofuata kila kikundi kilivaa taulo. Wasomaji walicheka sana. Mimi, hapa Mbinga mjini, niliyesimuliwa kisa hicho na mama tangu utotoni, nilisema simjui mtu huyo.

Kitabu cha pili kilipotoka nilikikimbilia. Kilikuwa kimepooza kama soda iliyoachwa wazi. Kila mchezaji hodari, kila shati jeupe, hakuna aliyekosea hatua. Babu naye yumo, ndiye pekee asiye na jina, mstari wa mbele, anatabasamu. Pasi haimo. Nilikisoma tena nikiitafuta. Mwandishi aliyenivunja mbavu amepatwa na nini? Udadisi ukanipandisha basi la kwenda Mbaha.

Mwalimu Hilda, mstaafu wa shule ya msingi, alinipa ugali wa muhogo na samaki, kisha akanieleza. Baada ya kitabu cha kwanza, familia zilimjia kwa heshima zote, moja moja, kila moja ikiomba babu yake asogezwe mbele. Angemkatalia nani, na hao ndio watakaomzika?

"Mstari wa nyuma ukaisha," alisema. "Umewahi kuona mganda usio na mstari wa nyuma? Hiyo ni foleni."

Nikauliza, kana kwamba hainihusu, habari za mpiga pasi.

"Yule nilisimuliwa bila jina. Hakuna aliyekuja kusema ni wake, nikamwonea huruma nikampandisha mwenyewe. Sasa cha tatu nimekianza, nacho kimelala. Kisipoamka, naacha kuandika."

Nilimaliza samaki wangu, nikarudi Mbinga.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimkuta wa kwenu katika hadithi ana masizi usoni, usikimbilie kumnawisha. Sema ni wako, hivyo hivyo alivyo. Mungu akupe wajukuu watakaokucheka huku wakikutaja kwa jina.

Nami nilichelewa, lakini jana asubuhi nilipiga simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Yule wa pasi ni babu yangu. Naomba umrudishie pasi yake."

Nikasikia kiti kikiburutwa.

"Marahaba. Enhe. Aliunguza kola tu?"

"Kuna na soksi," nilisema. "Chukua kalamu."