Jilala wa Kwenye Memori

Mwadila, wanangu. Mwadila nyote, mliokaa kwenye mkeka na nyie mliojibanza ukutani kama mnakwepa kazi. Sogeeni. Pamba ya kuchambua bado ni mlima, kwa hiyo mikono iendelee, masikio nipeni mimi. Na hilo bakuli la maji ya unga hapo mguuni kwangu mtu asiliguse. Hilo ni la mwisho. Kesho mnatawanyika, na mimi simwachi mtu atoke hapa Nyalikungu akiwa mkavu.

Ipo siku moja, mwanangu, nimejaribu kuisahau mpaka nimechoka. Vitu vingine nasahau vizuri tu. Darasa la pili lote nimelisahau, na la kwanza pia, ndiyo maana hata jina langu nikiliona limeandikwa tunapishana kama hatujuani. Lakini siku hiyo haiondoki. Ikifika msimu wa mvua inakuja kukaa nami kama mgeni asiye na nauli ya kurudi.

Nilikuwa kijana, nabeba marobota ya pamba kiwandani Bariadi. Msinione hivi nilivyopinda. Robota nilikuwa nalishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili natafuna hindi. Unacheka nini? Muulize mama yako, kilichomleta kwangu ni lile robota, si sura.

Tukitoka kiwandani tunaingia kwa Masanja. Masanja alikuwa na banda la gemu nyuma ya soko, mabati juu, mabati pembeni, joto lake kuku angetaga yai limeshachemka. Mle ndani kulikuwa na televisheni moja, mashine ya gemu moja na pedi mbili ambazo vitufe vyake tulivisugua mpaka vikawa laini kama kisigino cha mtoto. Tulikuwa tunacheza mpira. Mimi nilikuwa nafungwa na kila mtu. Siku moja nilifungwa na mtu aliyekuwa amesinzia.

Aliyekuwa anajua ni Jilala, rafiki yangu, tuliyebeba naye mzigo mmoja miaka yote ile. Ile mashine ilikuwa inakuruhusu utengeneze mchezaji wako mwenyewe, umpe sura, urefu, jina. Wenzetu walitengeneza majitu yenye misuli kama fahali. Jilala akajitengeneza yeye. Mrefu, mwembamba, kichwa kimenyolewa chote, na masikio, jamani, yale masikio alikuwa nayo kweli, kama milango ya lori imeachwa wazi. Aliyatafuta kwenye mashine mpaka akayapata. Mgongoni akaandika JILALA. Akamtia kwenye timu mbovu kuliko zote, na msimu hadi msimu akaipandisha mpaka ikawa inachukua makombe, na yule Jilala wa kwenye televisheni akawa nahodha.

Sasa nyie wa simu za siku hizi labda hamjui. Yote hayo yalikuwa yanahifadhiwa kwenye memori. Ni kidude cheusi, kidogo, kinajaa kwenye kiganja, unakichomeka mbele ya mashine. Ukiwa nacho, umeme ukikatika kesho unaendelea ulipoishia. Ukiwa huna, unaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Masanja alikuwa anaiweka memori ya Jilala kwenye kopo la majani ya chai, juu kabisa, na hata jua likiwaka nje anaigusa kwa mikono iliyofutwa ikakauka.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Jilala akaenda kwao Zagayu kumsaidia guku. Nyie mliokulia Dar, guku ni babu. Guku Nkamba ndiye aliyemlea tangu baba yake afariki. Guku akamwambia awavushe ng'ombe mtoni kabla maji hayajawa mengi.

Ng'ombe walivuka wote. Jilala hakuvuka.

Tulimtafuta mpaka mto ukakauka, tukatembea kwenye mchanga wa palepale alipozama. Hatukupata hata kiatu. Kaburini tuliweka shati lake na fimbo yake ya kuchungia. Na picha yake ilikuwa moja tu duniani, ile ndogo ya kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa mfukoni mwake.

Nani alimwambia mama yake habari ya gemu, sijui. Nadhani ni mimi. Mdomo wangu tangu zamani hauna komeo. Ila siku ya mnada, nikiwa nimekaa kwa Masanja, nikamwona mama huyo, Mayu Ngolo, anainama mlangoni na kapu lake kichwani. Mama wa watu, hajawahi kuingia kwenye banda kama lile. Vijana wote wakasimama. Akauliza, "Nimesikia mwanangu yuko humu."

Masanja akashusha kopo, akachomeka memori, akampa mtu mmoja pedi. Jilala akatoka na timu yake, masikio mbele. Mayu Ngolo akakaa benchi la mbele, kapu mapajani. Akamtazama kipindi chote cha kwanza hajapepesa. Halafu akageuka taratibu akatuuliza, "Anakimbia hivyo, amekula?"

Nikamjibu, "Amekula, Mayu. Ugali wa maana."

Tangu hapo kila siku ya mnada anakuja. Akishauza kuku wake, anakuja kumwona mwanawe. Na sisi tukajiwekea utaratibu ambao hakuna aliyeutangaza: siku za mnada Jilala lazima afunge. Golikipa wa upande wa pili tunampeleka kuchuma maua. Kuna siku alifunga magoli mpaka namba ikakosa pa kukaa kwenye kioo. Mayu Ngolo alikuwa hapigi makofi. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayekubali bei.

Basi, guku naye akasikia. Akaja kutoka Zagayu kwa miguu, na fimbo, na koti lake zito lile la sherehe na misiba. Akaingia na Mayu Ngolo siku ya mnada. Kwanza hakutaka kukaa. Alisimama anatazama televisheni kama anatazama ng'ombe wa kununua. Jilala akapata mpira, akakimbia nao pembeni, akapiga, goli. Akageuka, ile sura ikaja karibu, ikajaa kioo chote.

Guku akakaa chini. Si kwenye benchi. Chini, kwenye vumbi.

Akasema, "Mimi ndiye niliyemtuma." Mayu Ngolo akamjibu bila kumwangalia, "Baba, mto hautumwi na mtu." Kama kuna nzi alikuwa anapita, alipita kwa kunyata.

Guku akauliza, "Mkizima hii, anakwenda wapi?"

Masanja akazima mashine, akaichomoa ile memori, akampa kwa mikono miwili. "Anakaa humu, Guku."

Mzee akaiweka kwenye kiganja. Kiganja chake kilikuwa kipana kama sinia, ile memori ikawa kama punje. Akasema, "Mtu mrefu vile." Halafu akamwambia Mayu Ngolo, "Nipe unga."

Mayu alikuwa na unga wa mtama kwenye kapu. Kibakuli kikapatikana, maji ya kunywa ya Masanja yakamiminwa. Hapo, mwanangu, ndipo ninapotaka uache kuchambua hiyo pamba unisikilize.

Kwetu mnajua. Mtoto akisafiri, mzee anachukua funda la maji ya unga, anampulizia, anamwombea kwa waliotangulia. Jilala aliondoka bila hiyo. Aliondoka mbio kwa sababu ya ng'ombe. Guku alikuwa amebeba hilo deni kifuani tangu siku ile, na sasa mjukuu wake yuko kiganjani. Unadhani angefanya nini?

Na sisi tulijua. Banda zima lilijua. Masanja alikuwa anatufukuza tukija na soda. Mimi mwenyewe alishanizaba kofi kwa sababu ya jasho. Nikamwona mzee anachukua funda. Nikamtazama Masanja, Masanja akanitazama. Nikafungua mdomo, na mdomo huu, ambao unaweza kuongea mpaka ng'ombe wakaacha kula, haukutoa kitu. Mzee anabariki. Nani anamkatiza mzee anayebariki? Nilijiambia labda yatakuwa matone machache. Nilijiambia Masanja atasema, memori ni yake. Kumbe Masanja anajiambia nitasema mimi, nilikuwa rafiki.

Guku akapuliza. Mara ya kwanza, ya pili. Akamwita kwa jina, akamwombea njia, akamwombea maji yampishe. Unga ukaingia kwenye yale meno ya shaba ya memori ukawa kama uji. Akapuliza tena, kwa sababu alikuwa anampenda. Halafu akatoa memori kwa heshima ileile aliyopewa nayo, akasema, "Mrudisheni. Nataka kumwona akiwa amebarikiwa."

Masanja akaipangusa kwenye shati. Bado hakusema. Akaichomeka mbichi.

Mashine ikalia kidogo. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha buluu, yakatoka maandishi. Jilala hakutoka.

Mayu Ngolo akauliza, "Pameandikwa nini?"

Masanja ndiye aliyejua kusoma Kizungu cha gemu. Akasoma kimoyomoyo. Akasoma tena. "Inasema vilivyomo vimeharibika, Mayu."

"Na hiyo ya chini?"

Kijana wa watu alishindwa kudanganya. "Inauliza kama tuvifute."

Mayu Ngolo akavuta kapu lake akalikumbatia. Hakulia. Akasema tu, "Tumfute nani?" Na hakuna mkono uliogusa pedi. Yale maandishi yalikaa pale yanasubiri jibu mpaka Masanja akaenda akachomoa waya ukutani.

Guku akamgeukia Masanja. "Imeharibiwa na nini?"

"Maji, Guku. Hiki kitu hakitaki maji."

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Siku zote."

Akanigeukia mimi. Macho ya mzee yule, mwanangu, sijawahi kuyaeleza vizuri, na mimi chumvi naiongeza hata kwenye maziwa. Hapa sina cha kuongeza. "Na wewe, rafiki yake. Ulijua?"

"Nilijua, Guku."

"Ukaniangalia."

"Ulikuwa unabariki, Guku. Niliona aibu kukukatiza."

Akajishika kwenye fimbo akasimama. Akasema, "Mto haukujua kama yule ni mtoto wangu. Nyie mlijua." Akafika mlangoni, akasimama tena. "Na ng'ombe wangu nimewaweka maboma ya watu mbalimbali, ugonjwa ukiingia boma moja, boma lingine lipone. Nyie mtu mzima mmemweka kwenye kidude kimoja, na hamkumpa jirani hata sehemu." Akatoka. Alirudi Zagayu kwa miguu, na lile koti, na lile jua.

Memori nyingine zilikuwa zinauzwa dukani kwa jirani, wanangu. Kunakili ilikuwa kazi ya kumaliza kikombe cha chai. Hatukuwahi kufikiria.

Masanja alifanya kila kitu. Aliianika, aliizika kwenye mchele, alimpa mtu aipeleke Mwanza kwa fundi, fundi akaifungua akairudisha ikiwa vipande viwili. Mayu Ngolo alikuja siku ya mnada iliyofuata. Akakaa benchi lile lile. Akauliza, "Amerudi?" Tukamwambia bado. Mnada mwingine akaja, akauliza. Bado. Vijana walijaribu kumtengeneza Jilala upya, wakaandika jina, wakatafuta masikio. Mayu akatazama kidogo akasema, "Huyo ni mtoto wa watu." Hakuja tena. Guku hakuona mvua nyingine. Walioishi naye wanasema alikuwa akibariki wajukuu anawagusa kichwani tu, kwa mkono mkavu.

Sasa mnaniuliza kwa nini mimi bado natumia maji. Natumia kwa sababu kosa halikuwa la maji. Wala halikuwa la mzee. Angejua, angebariki kopo la chai, angebariki mashine, angembariki Masanja mwenyewe. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumwambia, "Guku, samahani, hapo pasilowe." Maneno manne. Mimi kwa siku nasema maneno ya kujaza ghala, na siku ile manne yalinishinda.

Kwa hiyo sikieni, na huku ndiko nilikokuwa nawapeleka tangu mwanzo. Kitu unachokipenda usikiweke mahali pamoja. Mpe na jirani akutunzie, hata kama jirani mwenyewe mnanuniana. Na ukiona mzee anakosea kwa sababu hajui, mwambie. Piga goti kama unataka, inama mpaka pua iguse mavumbi, shikana naye mikono yote miwili, lakini mwambie. Heshima ya kunyamaza niliwahi kumpa mtu mara moja. Aliondoka nayo kwa miguu mpaka Zagayu, na ilikuwa nzito kuliko robota.

Haya, acheni pamba, simameni karibu. Nipeni bakuli. Mwende salama, wanangu, wa Dar, wa Mwanza, na wewe wa Lalago ambaye unaweza kuja kesho kutwa kula ila unajifanya una kazi. Njia zenu ziwe nyeupe. Mito iwapishe. Mnaowapenda muwakute walipo, na wao wawakute. Walio mbele yetu wawatazame, na Jilala akiwa nao, awatambue kwa sauti yangu. Inamisheni vichwa.

Nani huyo amenyoosha mkono? Minza? Kitinda mimba wangu, wewe hujawahi kunyamaza tangu uzaliwe. Sema, mwanangu, sema kabla sijajaza mdomo.

"Baba, samahani, tutoe simu mifukoni kwanza."