Waya Niliokataa Kuuchomoa

Kazi yangu ni kuchapa barua na kutoa fotokopi kwenye kibanda karibu na soko la Gisenyi, na kwa sababu hiyo ukoo mzima, huku na kule Goma, unaniona bingwa wa kompyuta. Sijawahi kuwasahihisha. Mtu ukiitwa bingwa kila siku, unaanza hata kutembea kama bingwa.

Mama mdogo, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, anakaa Goma na mwanawe wa pekee. Huyo ndugu yangu, mtu mzima sasa, alikuwa amemwambia mama yake kwamba yeye na wenzake wanatengeneza filamu, na yeye ni mwigizaji. Mama mdogo hakuamini. Alimwona akitoka asubuhi mikono mitupu na kurudi jioni amechoka, na kwake huo ulikuwa uzururaji tu. Mwishowe mwana akampa flashi yenye filamu, akamwambia avuke mpaka aje kuitazama kwangu, kwenye televisheni kubwa. Mama mdogo akaapa kwamba akimwona humo, hatamsumbua tena. Asipomwona, mwana atafute pengine pa kulala.

Haya yote alinieleza mwenyewe sebuleni kwangu, akiwa bado na kitenge chake cha safari mabegani. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Niliinakili filamu kwenye kompyuta. Niliona jina la filamu kwa macho yangu, nikaifungua, ikaanza. Mama mdogo akasogeza kiti ili aangalie pale pale, nikamwambia asubiri. Sinema haiangaliwi kwenye kitu cha ukubwa wa sinia. Nikachomeka waya kwenye tundu la pili nyuma ya televisheni, maana la kwanza lilikuwa na dekoda, kisha nikabonyeza vitufe vya kupeleka picha kwenye skrini kubwa. Kompyuta ikawa nyeusi. Televisheni nayo ikaandika kwamba haioni kitu.

Nikausukuma waya ndani zaidi, upande huu na upande ule. Nikautikisa. Nikabonyeza vitufe vingine nisivyovijua, huku nikijisemea maneno ya Kifaransa ili nionekane ninafuata utaratibu. Saa ya kwanza ikapita, jasho linanitoka. Mama mdogo alikuwa anaangalia saa ya ukutani kwa sababu ya mpaka, lakini hakulalamika. Alisema jambo moja tu.

"Toa hii waya, mutoto yangu, tuangalie mu kadogo. Mi macho yangu iko muzuri."

Nikamjibu kwamba waya hauhusiani kabisa, tena kwa ile sauti ninayowatolea wateja wasiojua kusoma. Naikumbuka sauti hiyo na inanichoma.

Alipoanza kujifunga kitenge, nilitakiwa kusema nimeshindwa. Ni neno dogo, na halikutoka. Nikachomoa flashi, nikamrudishia mkononi.

"Hakuna filamu humu, mama mudogo. Kuna virus tu, na imeniharibia kompyuta."

Aliitazama ile flashi. "Donc alinidanganya," akasema, akaniomba radhi kwa ajili ya kompyuta yangu. Aliniomba radhi, mimi. Nikamsindikiza hadi kwenye moto, pikipiki ya abiria, akaenda kuwahi mpaka.

Mke wangu alirudi kutoka Rugerero kabla jua halijazama, akataka habari. Alichukua rimoti, akabonyeza kile kitufe cha kuchagua tundu, ambacho mimi bingwa sikukigusa hata mara moja. Majina ya waigizaji yakatokea, yanapanda kwenye televisheni yangu kubwa, na la tatu lilikuwa la ndugu yangu. Filamu ilikuwa imejirudia yenyewe mchana kutwa bila mtu wa kuiona. Nilichomoa waya, na kompyuta ikawaka hapo hapo.

Niliirudisha mwanzo. Alicheza mwalimu, amevaa koti la marehemu baba yake, na alikuwa mzuri kweli. Mke wangu alisema nipige simu Goma sasa hivi. Nikasema kesho. Kesho ziliisha tano, na sababu ilikuwa aibu tu. Nilishindwa hata kumtazama mke wangu machoni mezani.

Siku ya sita nilivuka na kompyuta begani. Mama mdogo aliitazama filamu yote juu ya meza yake ya kulia, kwenye kile kidogo, bila waya wowote. Koti alilitambua, akaligusa kwenye kioo kwa kidole. Ilipoisha aligeukia chumba cha mwanawe: mlango ulikuwa wazi, kitanda hakina shuka.

"Nilimufukuza," akasema. "Sikumuambia ni we ulisema. Nilisema niliangalia mi mwenyewe, sikumuona."

Akatafuta namba kwenye simu yake, akanipa niongee mimi.

Ndugu yangu alipokea haraka. Aliposikia sauti yangu aliniita kaka mkubwa, kama siku zote, akauliza kama angalau mimi niliwahi kuiona filamu yake.

Nikasema ndiyo, nimeiona. Hakuuliza lini. Mama mdogo alikuwa amenikazia macho, akingoja niendelee, na mimi nikamuuliza ndugu yangu hali ya hewa huko aliko.