Chupa ya Dokta Akelo

Mimi Ngosha nimemwendesha Dokta Akelo kwenye boti miaka kumi na minne, na sijaona mtu anayeliogopa ziwa kama yeye. Amezaliwa mwambao wa Mara, nyumba ya wavuvi, lakini kuogelea hajui mpaka leo, na jaketi okozi analivaa tukiwa bado nchi kavu pale ufukweni Pasiansi. Niliwahi kumtania, "Dokta, hata bafuni unalivaa?" Alicheka kidogo, kisha akazikaza kamba zake tena.

Kazi yake ni fizikia ya maji na hali ya hewa. Kila mwezi tunakwenda mahali palepale, anashusha kipimajoto hadi chini, anaandika. Mwaka wa kwanza, siku moja ya mvua, nilimwambia aandike tu namba ya mwezi uliopita, nani angejua? Hakunisemesha wiki nzima.

Baadaye alinieleza kinachomtisha. Maji ya juu yanazidi kupata joto mwaka hadi mwaka, hivyo hayachanganyiki vizuri na ya chini, na kule chini hewa inaisha. Upepo wa kusini ukivuma siku kadhaa mfululizo, unayasukuma ya juu kwenda kaskazini, na yale yasiyo na hewa yanapanda huku kwetu. Samaki aliye huru atakimbia. Sato anayefugwa kwenye kizimba cha nyavu humohumo ziwani atakimbilia wapi?

Juni hii upepo huo ulivuma siku nne. Tukaenda kwenye vizimba vya mzee Luhende na wenzake. Dokta akachota maji kwa chupa ya kioo, akatia matone ya dawa yake. Maji yenye hewa hugeuka kahawia. Haya yalitoka meupe kama maji ya mchele. Akafunga vifaa harakaharaka, na mabaki ya dawa ambayo siku zote huyamwaga kwenye dumu letu la taka, akayasuuzia ziwani. Niliona, nikaisogeza boti hadi walipokuwa Luhende na wenzake, na Dokta akaita.

"Shikamoo, mzee Luhende. Vueni samaki leo hii, nawaomba."

"Marahaba. Mwaka jana ulisema hivyohivyo, Dokta. Tukavua sato wadogo wa kiganja, wasiouzika, na hakikutokea kitu."

Wenzake wakacheka. Tukaondoka.

Asubuhi sato walikuwa wanaelea, matumbo juu, vizimba vyote. Tulipofika ufukweni watu walituzunguka na makasia mikononi. Justa, mwenye kizimba cha mwisho, alikuwa analia kwa sauti. "Jana alimwaga sumu! Ndiyo maana alijua!"

Luhende akanigeukia. "Ngosha, wewe ni mtu wetu. Alimwaga kitu?"

Nikamjibu haraka, "Hakumwaga kitu, mzee."

"Nilimwaga," akasema Dokta. "Ngosha ananionea huruma tu. Nilisuuza chupa moja. Nilikosea."

Mtu mmoja akamkamata jaketi shingoni. Nikajua tumekwisha, na moyoni nikamlaani Dokta na ukweli wake. Yeye machozi yanamtoka, lakini hakuacha kusema. "Mzee, chukua chupa hizi. Nenda mwenyewe popote ambako mimi sikufika jana. Mimi nabaki hapa mikononi mwenu."

Luhende alikwenda na boti yangu, mbali, kule upepo unakotoka, ambako kilichomwagwa vizimbani kisingeweza kufika. Sisi tulikaa mchangani tukiwa tumesimamiwa, na sikuthubutu kuwatazama usoni. Aliporudi alitia matone kwa mkono wake mwenyewe, Dokta akimhesabia. Chupa ya kwanza ikatoka nyeupe. Ya pili vilevile. Ya tatu, nyeupe pia, aliishika muda mrefu, akiigeuzageuza juani, kisha akamwashiria yule mtu aachie jaketi.

Akakaa chini karibu na Dokta. "Hii itarudi?"

Nilimwona Dokta akitafuta neno la kumfariji. Badala yake akazikaza kamba za jaketi.

"Itarudi, mzee. Na nadhani itakuwa inakuja mara nyingi zaidi."

Justa akaacha kulia, akaliweka kasia chini; hakukuwa tena na wa kumpiga, na hilo lilinitisha kuliko makasia yao.