Mfinyanzi na Nywele za Mdogo Wake

Mtaa mzima ulimwita Mama Vyungu, naye hakuchukia, maana hata yeye aliona jina limemkaa. Kucha zake hazikuwahi kuwa safi tangu mama yake alipomwachia kazi ya kufinyanga. Alifanyia kazi nyuma ya nyumba, chini ya bati, na udongo aliuchimba mwenyewe kwenye shimo lililokuwa mwisho wa uwanja wake, karibu na mfereji. Ulikuwa udongo mweusi, mzito, unaong'ang'ania mkono kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa. Wateja walimtania kwamba siku ya kufufuliwa atatoka kaburini akiwa mtungi. Alicheka nao vizuri tu, lakini bei hakupunguza.

Siku moja akaja mwanamke wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira, akajitambulisha kuwa mtafiti wa maabara ya chuo, akaomba udongo wa kujaza kijiko kimoja tu. Mama Vyungu alimtazama juu mpaka chini. Watu walizoea kumwomba karai, au toroli zima. Kijiko hakuwahi kuombwa. Akampa, akasahau.

Mtafiti alirudi mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaeleza bila haraka. Ndani ya kile kijiko walikuta bakteria, na bakteria huyo anatengeneza kimeng'enya, yaani kitu kinachokatakata chakula kuwa vipande vidogo. Sasa, ipo saratani ya damu ambayo seli zake hazijui kujipikia chakula fulani, zinakidoea kwenye damu ya mgonjwa. Kimeng'enya kikikimaliza chakula hicho, seli zinakufa njaa. Dawa za namna hiyo zipo hospitalini tayari, alisema, ila wapo wagonjwa ambao miili yao inazikataa, ndiyo maana wao wanatafuta nyingine. Akakazia kwamba kazi yao bado iko kwenye vichupa na kwenye panya. Mama Vyungu aliyasikia yote hayo, lakini alichobaki nacho ni kimoja, kwamba udongo wake ni dawa.

Habari zilienea, na mtangazaji wa redio alipokuja kumhoji, kichwa kilikuwa kimeshamvimba. "Udongo wangu unaua saratani," alisema hewani, bila hata kumeza mate. Mtafiti alihojiwa baada yake, akajitahidi kuyaweka mambo sawa kwa maneno marefu marefu, na wasikilizaji wakazima redio zao.

Aliyesikiliza kwa makini kuliko wote alikuwa mdogo wake, fundi cherehani aliyeishi upande wa pili wa mji, mjane asiye na mtoto. Huyo alikuwa anatibiwa saratani ya titi. Kila alipotundikiwa dripu hospitali kuu alirudi hoi, anatapika, na nywele zilikuwa zimemtoka zote. Mama Vyungu alimpenda kama roho yake, maana alimlea tangu mama yao alipofariki. Lakini hospitali hakuwahi kumsindikiza hata mara moja. Mama yao aliingia lango la hospitali ile akitembea, akatolewa amefunikwa shuka, na tangu hapo Mama Vyungu akiliona tu miguu inamgomea. Kwa hiyo alikuwa na visingizio vyake. Leo tanuri linawaka, kesho mteja anafuata mitungi. Mdogo wake alikuwa akijibu, sawa dada, halafu anakwenda peke yake.

Baada ya yale mahojiano, mdogo mtu alikuja kuomba ndoo ya udongo, akasema anataka kupanda maua dirishani. Akapewa. Akaja kuomba nyingine. Mama Vyungu hakuuliza ni maua gani hayo yanayokula udongo kiasi kile, na ukweli ni kwamba hakutaka kuuliza.

Jumapili moja alikwenda kumjulia hali. Mdogo wake alimfungulia mlango bila kilemba. Kichwani nywele zilikuwa zimeota, fupi, laini, kama za kichanga. Aliuchukua mkono wa dada yake akauweka pale utosini. "Dada, zinarudi," alisema.

Mama Vyungu alilia kwa furaha. Kando ya cherehani aliona kikombe cha maji, udongo umetuama chini yake, na udongo wake angeutambua popote. Mungu amsamehe, alipokiona kile kikombe ndipo alipofurahi zaidi.

Mtafiti alipopita tena kuchota udongo, Mama Vyungu alimpa habari hizo njema huku akiendelea kukanda. Mwenzake akaweka kijiko chini. Kisha akauliza polepole, "Mama, dripu ya mwisho alitundikiwa lini?"

Hakujua.

"Nywele zilimtoka kwa sababu ya ile dawa. Kama zinaota sasa hivi, wakati matibabu hayajaisha, naogopa ameacha kwenda."

Mikono ya Mama Vyungu ilisimama ndani ya udongo. Mtafiti akarudia, kwa upole, yale aliyoyaeleza mara ya kwanza. Kimeng'enya kile lazima kitengwe na kusafishwa, kisha kiingie kwenye damu. Kikinywewa, tumbo linakisaga kama linavyosaga kipande cha nyama. Tena kinachunguzwa kwa saratani ya damu, si ya titi. Na shimo lile lina vijidudu vingine vingi, vya kumwangusha mtu ambaye mwili wake umeshachoka.

Mama Vyungu aliondoka hivyohivyo bila kunawa mikono. Alimkuta mdogo wake anashona shati la mteja, akakaa kitandani, akasema yaliyomleta. "Mdogo wangu, kule redioni nilitia chumvi. Ule udongo sio dawa."

Mdogo wake alikata uzi kwa meno. "Nilishajua."

"Ulijua, na ukaendelea kunywa?"

"Dada, pale kwenye dripu kila mtu ana mtu wake. Huyu na mume wake, huyu na binti yake. Mimi nakaa peke yangu naangalia matone. Huu udongo angalau umetoka mikononi mwako."

Mama Vyungu alijiona mdogo kuliko yule aliyemlea. Akasema kwamba kesho wanakwenda hospitali wote. Mdogo wake akauliza tanuri atamwachia nani, akajibiwa kwamba tanuri na lizimike.

Kesho yake, pale lango la hospitali, miguu ilimgomea Mama Vyungu kama kawaida yake. Ikabidi mgonjwa ndiye amshike mkono asiyeumwa na kumvusha, na mlinzi akadhani anayetibiwa ni yule mkubwa. Daktari aliwaambia kwamba uvimbe umeongezeka. Hakuwagombeza, na hilo lilimuuma Mama Vyungu kuliko kugombezwa. Wataanza upya kwa dawa nyingine, alisema, ila hawezi kuwaahidi kitu. Toka siku hiyo Mama Vyungu hakukosa hata dripu moja. Waliosikia redio wakaja kwake na ndoo kutafuta dawa, aliwarudisha mikono mitupu. Redioni alikwenda kujikanusha, akaambiwa vipindi vimejaa.

Asubuhi moja, baada ya wiki chache za dawa mpya, alikuwa anamwosha mdogo wake kichwa kwenye beseni. Nywele zikaanza kubaki mkononi. Zilijishika kwenye mikunjo ya viganja vyake, palepale ambapo udongo haukuwahi kutoka. Mdogo wake alikuwa ameinama, amefumba macho.

"Zinatoka, dada?"

"Zinatoka," alisema Mama Vyungu, na moyoni alimshukuru Mungu. Kisha akachota maji mengine ya uvuguvugu, akaendelea kumwosha.